Koili ya sumaku, degedege la utotoni na fomu ya kurasa nane

"Shikamoo Daktari. Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili huku England, kwetu Tanga, nina miaka 27. Kwenye ubao wa idara yetu kuna tangazo la kutafuta watu wa kujitolea kwa utafiti wa jinsi binadamu anavyotambua hisia kwenye nyuso za wenzake. Siku ya kwanza unapigwa picha ya MRI, halafu siku mbili nyingine unawekewa kifaa cha sumaku kichwani huku ukitazama picha za watu na kubonyeza kitufe. Wanalipa pauni 60 kwa zote tatu. Niliwaandikia, wakanitumia fomu ya kurasa nane. Nilipomwambia mama kwenye simu alipandisha sauti: 'Usiende kuchezewa akili kwa hela ya vocha!' Naomba kujua: hiki kifaa kinaweza kunibadilisha tabia, au kusoma mawazo yangu? Ndiyo zile shoti za umeme wanazopigwa wagonjwa wa akili? Nikiwa mdogo nilipata degedege mara mbili, lakini tangu hapo sijawahi tena. Nimesuka rasta, sijui kama ni tatizo. Na niseme ukweli, tangu baba afariki mwaka jana sijakaa sawa, usiku silali, na daktari wa hapa ameniandikia amitriptyline miligramu 10 za usiku kwa ajili ya usingizi na kichwa kuuma. Niliposoma kwamba mashine hii inatibu sonona nikaona labda na mimi itanisaidia. Niende au nisiende?"

Marahaba binti yangu, na pole sana kwa kuondokewa na mzee. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Hofu ya kubadilishwa tabia na kusomwa mawazo umeitanguliza, ukaiuliza kinagaubaga. Degedege, vidonge na kutolala umevitaja kwa kupita tu, mwishoni. Mimi nimesoma barua yako kuanzia chini kwenda juu. Hayo uliyoyapitia haraka ndiyo yanayoamua kama uende au usiende, na hayo yaliyomtia mama hasira yana majibu yanayotuliza. Tuanze na ya mama, maana ndiye utakayeongea naye leo jioni.

Shoti za umeme ni kitu kingine kabisa. Tiba ile ilianzishwa Roma mwaka 1938 na Ugo Cerletti na Lucio Bini, na lengo lake ni kumletea mgonjwa kifafa kwa makusudi. Siku hizi hufanywa mgonjwa akiwa amepewa nusu kaputi na kulegezwa misuli, na umeme unaopitishwa kichwani mwake hufika miliampia 800 hivi. Ni tiba halali, na kwa sonona iliyokuwa sugu kupindukia bado inaokoa maisha, hata kama filamu zimeichafulia jina. Ila kwenye utafiti ulioitiwa wewe, kifafa ndicho kitu ambacho kila mtu chumbani anafanya juu chini kisitokee. Kuna pia aina nyingine ya utafiti utakayoiona kwenye matangazo, ya umeme hafifu wa miliampia 1 au 2 unaopitia kwenye sponji mbili zilizoloweshwa maji ya chumvi. Hiyo nayo siyo shoti, wala siyo hii yako.

Ya kwako ni sumaku. Mwaka 1831 Michael Faraday alionyesha kwamba sumaku inayobadilika kwa kasi huzaa umeme kwenye kitu chochote kilicho jirani kinachopitisha umeme. Ubongo unapitisha umeme. Mwaka 1985, mjini Sheffield, Anthony Barker na wenzake waliweka koili, yaani waya uliozungushwa mara nyingi, juu ya kichwa cha mtu, wakapitisha mkondo mkubwa wa umeme ndani ya koili kwa kitambo kisichofika hata sehemu moja ya elfu ya sekunde, na mkono wa yule mtu ukaruka. Hakuna sindano wala kukata ngozi, na umeme wa koili yenyewe haumgusi mtu. Kinachovuka fuvu ni usumaku, na ukishafika ndani ndipo unapozaa umeme mdogo kwenye gamba la ubongo. Nguvu yake ni tesla 1.5 hadi 2, karibu sawa na mashine nyingi za MRI za hospitali, tofauti ni kwamba huu ni wa kufumba na kufumbua na unashika eneo dogo. Hauingii mbali, ni sentimita 2 au 3 tu chini ya koili.

Kina hicho kina maana yake. Watu wakisikia "utafiti wa hisia" wanafikiri koili itaigusa amigdala, ile sehemu ndogo iliyozama ndani kabisa ya ubongo inayohusika sana na hofu. Haifiki huko. Watafiti wanagusa maeneo ya juu juu yanayoshirikiana na hiyo ya ndani, kisha wanatazama nini kimebadilika.

Sasa, neva zilizo chini ya koili zinafanya nini? Zinafyatuka zote kwa mpigo, wakati kila moja ilikuwa na kazi yake. Mfikirie muuza duka anayehesabu chenji moyoni, "mia tatu, mia nne," halafu wewe unamtajia namba nyingine kwa sauti. Anapotea, anaanza tena. Hujamwibia hesabu wala hujamfundisha hesabu mpya, umemkatiza tu. Na kama unajua ni sekunde gani umemkatiza, na ni wakati gani akikatizwa hapotei, unaanza kuelewa anahesabuje.

Ndivyo utafiti wa aina hii unavyofanya kazi, na mfano mzuri upo. Mwaka 2008 David Pitcher na wenzake walichapisha jaribio ambalo watu walitazama nyuso mbili mfululizo na kusema kama zinaonyesha hisia moja au tofauti. Walipopiga mapigo kwenye sehemu ya nyuma ya ubongo upande wa kulia inayoshughulika na nyuso, watu walikosea zaidi pale tu mapigo yalipokuja milisekunde 60 hadi 100 baada ya uso kutokea. Walipohamia kwenye eneo la ubongo linalohisi mguso wa uso wetu wenyewe, bado upande wa kulia, makosa yaliongezeka kati ya milisekunde 100 na 170. Mimi hilo la pili hunifurahisha kila nikilifikiria: ili kujua kwamba mwenzio amekasirika, inaonekana ubongo unatumia pia ile sehemu inayohisi shavu lako wewe. Ralph Adolphs na wenzake walikuwa wameshaligusia jambo hilo mwaka 2000 kwa watu waliopata majeraha ya ubongo eneo hilohilo. Koili imewezesha kuuliza swali lile kwa watu wazima wa afya bila kumjeruhi mtu.

Kwa hiyo, kusoma mawazo hakupo. Koili inatuma, haipokei. MRI inaonyesha umbo la ubongo na pengine mtiririko wa damu. Haitawaambia kama unamkumbuka nani au unamchukia nani. Wanachoandika kuhusu wewe ni mambo makavu: ulibonyeza kitufe gani, baada ya milisekunde ngapi, umekosea mara ngapi.

Na kubadilika tabia? Pigo mojamoja la sumaku athari yake huisha ndani ya muda usiofika sekunde. Mapigo ya mfululizo yanakaa zaidi: mwaka 2005 watafiti wa London, Ying-Zu Huang na John Rothwell wakiwemo, walionyesha kwamba mfululizo wa sekunde 40 unaweza kupunguza wepesi wa kuitikia wa eneo la ubongo linaloendesha misuli kwa muda wa hadi saa moja. Kisha hali hurudi kama ilivyokuwa. Kwa hiyo waulize wazi: ni pigo mojamoja au ni mfululizo? Jibu hilo linabadilisha uzito wa mambo yote nitakayosema hapa chini.

Nikueleze utakachokiona, maana nimekaa upande wa kushika koili na najua watu hushtushwa na nini. Koili yenyewe ni plastiki nzito yenye umbo la namba nane, kubwa kidogo kuliko kiganja. Unakaa kwenye kiti kama cha daktari wa meno, unavishwa utepe wa kichwa wenye vitufe vinavyong'aa ili kamera ijue kichwa chako kipo wapi kulingana na ile picha ya MRI. Unapewa vizibo vya masikio; usikubali kuanza bila hivyo, mlio wa koili ni mkali. Mwanzoni wanatafuta kiwango chako. Koili inawekwa karibu na utosi, upande mmoja, inalia tak!, na kidole gumba cha mkono wa upande wa pili kinaruka. Wewe hujakiamuru. Karibu kila mtu hucheka pale, kicheko cha woga nusu na mshangao nusu. Nguvu inayotosha kukirusha kidole ndiyo wanayotumia kupima watakupiga kiasi gani sehemu nyingine. Ikipigwa karibu na paji la uso au sikio, misuli ya hapo hukaza, kope zinapepesa, taya linagonga. Haipendezi, lakini wengi huvumilia bila shida. Ikikuuma, sema, hapo hapo wanasimamisha.

Madhara ya kawaida ni kichwa kuuma na shingo kukaza, ya kuisha kwa paracetamol. Kuzirai kunatokea pia, hasa kwa mtu aliyekuja na njaa na woga. Kama unafunga Ramadhani waombe tarehe nyingine, watakuelewa. Kilicho kikubwa, kilicho adimu, ni kifafa. Mwaka 2019 ilichapishwa hesabu iliyokusanywa kutoka maabara na kliniki nyingi: vikao zaidi ya 300,000, vifafa 24. Kwa watu wasio na kihatarishi chochote, na wanaohudumiwa kwa kufuata mwongozo wa usalama, ilikuwa chini ya mara 1 kwa kila vikao 60,000. Hatari hiyo ni ndogo mno.

Lakini soma tena yale maneno: wasio na kihatarishi chochote. Hapo ndipo wewe na takwimu hiyo mnapoachana.

Kila ubongo una kizingiti chake cha kifafa, wangu na wako. Vipo vitu vinavyokishusha kizingiti hicho: kukosa usingizi, pombe, baadhi ya dawa, na historia ya kuwahi kupata mtukutiko wa mwili. Mmoja mmoja huenda visiwe na uzito. Wewe umenitajia vitatu katika aya moja.

Degedege kwanza. Swali la kwanza kabisa kwenye orodha ya kawaida ya kuwachuja washiriki wa tafiti za namna hii huuliza kama una kifafa, au kama uliwahi, wakati wowote, kupata degedege au mtukutiko. "Wakati wowote" ni pamoja na ulipokuwa na miaka miwili. Sikuambii hivi ili uanze kujiona mgonjwa. Degedege la homa ni jambo la kawaida: Ulaya na Marekani watoto 2 hadi 5 kati ya kila 100 hulipata kabla ya kutimiza miaka mitano, na wengi mno hukua bila kifafa. Tatizo ni kwamba kwetu pwani neno hilo hubeba magonjwa mawili tofauti. Mtoto anaweza kutukutika kwa homa tu, dakika mbili tatu, akalia, akanyonya, yakaisha. Mwingine anatukutika kwa sababu malaria imempanda kichwani, akakaa amepoteza fahamu kwa saa nyingi au siku. Huyu wa pili hatari yake ya kupata kifafa baadaye ni kubwa kuliko ya watoto wengine, na hilo limefuatiliwa kwa miaka kule Kilifi, jirani zenu wa ng'ambo ya mpaka.

Wewe ulikuwa yupi? Hujui, na huwezi kujua. Mama ndiye anayejua. Yule yule anayekukataza kwenda ndiye mwenye taarifa ambayo hakuna mashine ya Uingereza inayoweza kuipata. Ukimpigia, acha kubishana kuhusu kuchezewa akili. Muulize: nilikuwa na umri gani, ilichukua muda gani, nilitukutika mwili mzima au upande mmoja, niliamka lini, mlinikimbiza hospitali ya Bombo au nilitibiwa nyumbani? Akikwambia ulilala siku mbili bila kumtambua mtu, au mkono mmoja ulibaki dhaifu kwa wiki, basi mjadala wa koili umeisha, na jambo hilo liandikwe kwenye faili lako kwa daktari wa huko. Akikwambia ilikuwa dakika chache na homa, bado unalisema kwa watafiti, waamue wao na daktari wao.

Vidonge sasa. Amitriptyline ni ya kundi la zamani la dawa za sonona, na kwa miligramu 10 hutolewa sana kwa usingizi na maumivu ya kichwa. Kwa kiwango hicho haina makuu. Hata hivyo kundi hilo hushusha kizingiti cha kifafa, na mwongozo wa kimataifa wa usalama wa mwaka 2009 uliitaja kwa jina miongoni mwa dawa za kutahadhari nazo. Maabara nyingi zikiiona kwenye fomu zinakataa bila kuuliza swali la pili. Na hapa nataka tuelewane vizuri, kwa sababu nimeona wanafunzi wakifanya hivi: usiache dawa siku chache kabla ili ujibu "hapana" kwa moyo mweupe. Ukiikatiza, usingizi utavurugika zaidi, na utakwenda kwenye kiti ukiwa na kizingiti kilichoshuka kwa njia nyingine. Usifiche pia. Fomu ile haikupimi uaminifu. Ni kifaa cha usalama, na kinafanya kazi ukikijaza ukweli tu.

Zipo dawa nyingine za kutaja ambazo watu wetu husahau kuzihesabu kama dawa: tramadol aliyokupa rafiki kwa maumivu ya mgongo, mefloquine ya kujikinga na malaria ukienda likizo nyumbani, dawa za mitishamba ulizotumiwa kwenye kifurushi. Zote ziandike.

Nije kwenye lililonigusa zaidi. Umesema labda mashine itakusaidia. Ni kweli kwamba sumaku hii ni tiba ya sonona: Marekani iliiruhusu mwaka 2008, na NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, ikaikubali itumike mwaka 2015. Lakini tiba ile ni vikao vya kila siku, siku tano za wiki, kwa wiki nne hadi sita, mara nyingi juu ya sehemu ya mbele ya ubongo upande wa kushoto, kwa mgonjwa aliyepimwa na anayefuatiliwa. Utafiti ulioitiwa wewe ni siku mbili, pengine juu ya eneo la nyuso, na nia yake ni kukukosesha kidogo ili waone nini kinapotea. Moja ya siku hizo huenda ikawa ya kuigiza: koili inalia tak tak lakini haipeleki kitu, ili walinganishe. Koili ni ileile, kazi ni tofauti kabisa.

Utakutana pia na habari zinazovutia mtandaoni. Mwaka 2019 watafiti wa Oxford walichapisha kwamba kikao kimoja cha ule umeme hafifu wa sponji kilipunguza mwitikio wa amigdala kwa nyuso za hofu kwa wanawake wenye wasiwasi mwingi. Ni kazi nzuri, naiheshimu. Ila wanawake wenyewe walikuwa kikundi kidogo, na kilichopimwa ni picha ya ubongo wakiwa ndani ya mashine, siyo kama walilala vizuri wiki iliyofuata. Kutoka hapo hadi tiba ya mtu mwenye msiba ni mwendo mrefu. Na tafadhali usiagize kile kifaa cha sponji kinachouzwa mtandaoni ujiwekee mwenyewe chumbani. Mwaka 2016 wanasayansi wa fani hii waliandika barua ya wazi kuwatahadharisha wanaojaribu, nami nakubaliana nao.

Halafu kuna jambo ambalo fomu hazilisemi vizuri. Utatazama mamia ya nyuso: zinazolia, zenye hofu, zenye chuki. Kwa mtu aliyetulia ni kazi ya kuchosha tu. Kwa mtu ambaye bado hajamaliza kumlilia baba yake, kukaa saa nzima mbele ya nyuso za huzuni, peke yake, nchi ya watu, kisha kurudi bwenini jioni, si jambo dogo. Ningelipa uzito sawa na degedege.

MRI nayo usiichukulie kama picha ya pasipoti. Uchambuzi uliochapishwa Uingereza mwaka 2009 ulikuta kwamba kwa watu wasio na dalili yoyote, takribani 1 kati ya 37 huonekana kitu ambacho hakikutarajiwa, kingi kisicho na madhara. Uliza mapema wakiona kitu watamwambia nani, na kama una haki ya kuchagua kuambiwa au kutoambiwa.

Mama anasema ni hela ya vocha, na kwa kweli hapo yuko sahihi bila kujua ni jambo zuri. Malipo yanawekwa madogo kwa makusudi. Kamati ya maadili ya chuo huangalia kiasi kisije kikamfanya mtu mwenye shida afumbe macho mbele ya hatari. Pauni 60 ni fidia ya muda na nauli. Msingi wa mambo haya uko kwenye Azimio la Helsinki la mwaka 1964: unaingia kwa hiari, baada ya kuelezwa, na unaondoka wakati wowote bila kutoa sababu. Tafuta kwenye kurasa zile nane mstari unaosema ukiondoka katikati utalipwa nini, na hadi lini unaweza kuomba takwimu zako zifutwe. Kama haupo, waulize kwa maandishi. Na kwa sababu uko huko kwa viza ya mwanafunzi, iulize ofisi ya wanafunzi wa kimataifa kuhusu malipo kabla ya kuyapokea.

Rasta: usizifumue bado! Najua zimekugharimu pesa na siku nzima ya kukaa. Rasta nene huinua koili mbali na kichwa, na kila milimita inapunguza nguvu inayofika, kwa hiyo kweli wanaweza kukuomba usuke kitu kilicholala zaidi. Kwenye MRI angalia kama kuna uzi au klipu ya chuma ndani yake. Kipini cha pua, hereni na pini za mtandio vyote vinatoka. Ukivaa hijabu, una haki ya kuomba chumba cha faragha na mtafiti wa kike akupime. Lakini yote haya yaje baada ya kujua kama unafaa. Wengi wetu tumeachwa nje ya tafiti za ubongo kwa sababu ya nywele tu, na matokeo yake nadharia za "binadamu" zimejengwa juu ya vichwa vya aina moja.

Nyuso zenyewe ni hivyo hivyo. Picha zinazotumika mara nyingi ni za Wazungu walioambiwa waigize hisia. Uchambuzi wa Hillary Elfenbein na Nalini Ambady wa mwaka 2002 ulionyesha kwamba watu husoma vizuri kidogo hisia za watu wa jamii yao kuliko za wageni. Siku ukishiriki utafiti wowote wa namna hii na ukaona "karaha" na "hasira" zinakuchanganya, usitoke ukijiona mjinga.

Ushauri wangu, basi: kwa sasa usiende. Sumaku haiwezi kukupokonya akili, hilo limwambie mama kwa niaba yangu. Sababu ni degedege ambalo bado hatujui lilikuwa la aina gani, kidonge cha usiku, usingizi mbovu na moyo mzito, vyote kwa wakati mmoja. Kimoja kati ya hivyo huenda kisingenisumbua. Baada ya mwaka, ukiwa unalala, umemaliza dawa kwa maelekezo ya daktari, na mama ameshaeleza yaliyotokea, swali hili linaweza kuulizwa upya na jibu likawa tofauti. Na ukienda, uende kwa nia ya kuchangia elimu. Hiyo ndiyo faida ya kweli iliyopo pale, na mimi naiona inatosha.

Kwa hali yako ya sasa, rudi kwa daktari aliyekuandikia vidonge umwambie kwa uwazi kwamba tangu msiba hujakaa sawa. Pengine ulimtajia kichwa na usingizi tu. Chuo kina washauri wa wanafunzi, bure. Kwa kuwa uko England unaweza pia kujiandikisha mwenyewe kwenye NHS Talking Therapies, huduma ya serikali ya tiba ya mazungumzo, bila kupitia kwa daktari. Huzuni ya kufiwa haina ratiba, lakini ukiona huwezi kula, huhudhurii masomo, au unakuja na wazo kwamba bora nawe usingekuwepo, usisubiri miadi: piga 111 ya huduma ya afya, au Samaritans, watu wa kukusikiliza, 116 123 saa yoyote, na hatari ikiwa ya papo hapo, 999. Na kama siku moja umeanguka bila kujua, umeamka umejiuma ulimi au umejikojolea, au watu wanakwambia huwa unaganda ukitazama pembeni bila kujibu, hiyo ni safari ya kwenda kwa daktari wiki hiyohiyo, utafiti au hakuna utafiti.

Watafiti nao wajibu, usiwaache kimya. Waandikie mistari michache: kwamba uliwahi kupata degedege mara mbili utotoni na unafuatilia kwa mzazi maelezo zaidi, kwamba unatumia amitriptyline miligramu 10 na huna mpango wa kuiacha, kwamba una msiba wa karibu na usingizi wako si mzuri. Watakushukuru na karibu hakika watakwambia hufai kwa awamu hii. Hapo waulize kama wana sehemu ya utafiti isiyo na koili, ya kutazama nyuso na kujibu tu. Maabara nyingi zinakuwa nayo, kwa kuwa picha lazima zijaribiwe kwanza kwa watu wasiowekewa kitu kichwani. Kabla ya kukubali, waombe wakuonyeshe chache kati ya nyuso hizo, uone kama moyo wako utaziweza mwezi huu.